BARUA NDOGO YA KICHWANI: SOMO JUU YA TRH NA UGONJWA WA ROVU



Katika bulletini hii tunapenda kuleta somo juu ya kitu kidogo kabisa. Jina lake ni TRH. Ni homoni inayotoka ubongoni, na watu walijifunza pia kuitengeneza katika laboratwari. Wenzetu wa seksio ya Biolojia na Kemia watakutana nayo kitabuni, mustari mumoja ao miwili, na kiisha egzamen wataisahau. Wale wa Pedagojia na wa Biashara watasema: "Ile si yetu." Sisi tunasema ni yetu sisi wote. Kitu hiki kinatufundisha kuuliza swali moja la maana: mutu akiwa na shida, kosa liko kwenye ngazi gani? Na swali hili linagusa watu tunaowajua kwa majina, hapa Beni, kule Butembo, na kwa milima yote ya Lubero.

Tunasema juu ya watu wenye rovu, ndio ule uvimbe wa mbele ya shingo ambao wengine wanaita goita. Maneno yanayosemwa nyuma yao tunayasikia: "Walimuroga." "Ile jamaa iko na laana." Na kama mutoto wa jamaa ile hafuati vizuri kilasini, wanaongeza: "Ule, kichwa yake iko nguvu." Tusome kwanza, kiisha tuone kama maneno haya yanasimama.

1. TEZI NA KAZI YAKE

Mbele ya shingo, chini ya koo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Wanganga wanaiita tiroide. Kwa mutu mukubwa mwenye afya, uzito wake ni karibu gramu 15 mpaka 20 tu. Inatengeneza homoni mbili, T4 na T3. Namba hizi hazikuwekwa bure: T4 ina atomu 4 za iodini, T3 ina atomu 3. Pasipo iodini, tezi haiwezi kutengeneza hata moja.

Homoni hizi zinaongoza mwendo wa mwili wote: joto, mapigo ya moyo, kukua kwa mifupa, na zaidi sana kujengwa kwa ubongo wa mutoto angali tumboni na katika miaka yake ya kwanza.

Zikimpungukia mutu, anasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho. Ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, usingizi unamushinda, na mawazo yanakwenda polepole. Zikimuzidia, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, anakonda hata kama anakula vizuri, na usiku hapati usingizi. Tuangalie vema: mutu wa kwanza tunamwita muvivu, wa pili tunamwita mwenye hasira. Kumbe inawezekana wote wawili ni wagonjwa wa tezi moja.

2. MUFANO WA MATOFALI

Nani anaiambia tiroide ifanye kazi kiasi gani? Tuchukue mufano tunaoujua.

Tuseme Prefe wa masomo anataka matofali ya kujenga kilasi. Yeye hashiki udongo kwa mikono yake. Anaandika barua ndogo, anaituma kwa kapita. Kapita anasoma, anasimama mbele ya wafanyakazi, anaita kwa sauti. Wafanyakazi wanakanda udongo na kuchoma matofali. Prefe anaangalia rundo. Likiwa dogo, anaandika barua nyingine. Likitosha, ananyamaza, na kapita naye ananyamaza. Sisi tulio wakapita wa wanafunzi tunaijua kazi hii. Koo linatuuma kila siku ya salongo.

Katika mwili ni vilevile:

Prefe ni hipotalamu, sehemu ndogo chini ya ubongo.
Barua yake ni TRH.
Kapita ni hipofizi, tezi ndogo kama punje ya mbaazi, inayoning'inia chini ya hipotalamu.
Sauti ya kapita ni homoni nyingine inayoitwa TSH. Inapita katika damu mpaka shingoni.
Wafanyakazi ni chembe za tiroide.
Matofali ni T4 na T3.
Udongo ni iodini.

Sasa tuulize. Rundo la matofali ni dogo: kosa ni la nani? Linaweza kuwa kwa ngazi nne. Ya kwanza, Prefe hakuandika. Ya pili, barua ilifika lakini kapita amepoteza sauti. Ya tatu, kapita analia lakini wafanyakazi ni wagonjwa. Ya ine, kapita yuko, wafanyakazi wazima, lakini udongo hakuna.

Kwa ngazi ya tatu na ya ine, kapita hanyamazi. Anaona rundo dogo, anapandisha sauti kila siku: TSH inakuwa nyingi katika damu. Na kwa ngazi ya ine kunatokea jambo lingine. Kwa sababu ya kelele ile isiyoisha, wafanyakazi wanaongezeka, wanajaa kiwanja chote, wakitafuta udongo kidogo uliobaki. Njo rovu hiyo. Tezi imekua kwa kutafuta iodini. Basi rovu ni alama ya tezi iliyofanya kazi kupita kipimo, si alama ya uvivu wala ya laana.

3. KONDOO ELFU MIA TATU

Namna gani watu walipata kuijua barua ile? Wenye elimu wengi walifikiri kwamba hipotalamu inatuma homoni kwa hipofizi, lakini hakuna aliyeweza kuionyesha ndani ya chupa. Vikundi viwili vya Marekani vilishindana zaidi ya miaka kumi. Kikundi kimoja kiliongozwa na Roger Guillemin, aliyezaliwa Ufaransa katika muji wa Dijon, akafanya kazi Houston. Kingine kiliongozwa na Andrew Schally, aliyezaliwa Polandi, akafanya kazi New Orleans. Guillemin alitumia bongo za kondoo, Schally za nguruwe. Vipande vile vililetwa kutoka nyumba za kuchinjia nyama, kwa mamilioni.

Shida ilikuwa hii: barua ya Prefe ni ndogo mno. Kutoka vipande vya ubongo wa kondoo 300,000, kikundi cha Guillemin kilipata miligramu 1 tu ya TRH safi. Miligramu moja ni kama punje chache za chumvi ya kupikia.

Walipoichambua walikuta asidi amino tatu: glutamiki, histidini na prolini. Mufululizo mufupi namna hiyo unaitwa peptidi. Wenzetu wa hesabu watuambie: vitu vitatu vinaweza kupangwa mustarini kwa njia ngapi? 3 × 2 × 1 = 6. Wakemia wakatengeneza mipango yote sita, wakaijaribu kwa wanyama. Hata mumoja haukufanya kazi! Wengine wangekata tamaa pale.

Lakini kosa halikuwa katika maneno ya barua. Lilikuwa kwenye ncha zake. Mwaka 1969 vikundi vyote viwili vilionyesha kwamba TRH ya kweli imefungwa pande mbili: asidi ya kwanza imejikunja kuwa pete, na ya mwisho imewekewa amidi. Ni kama barua ambayo maneno ni sawa, lakini pasipo bahasha na muhuri kapita hawezi kuipokea. Walipoifunga pande zote mbili, hipofizi ikajibu mara moja. Formula yake ni C16H22N6O4, na masi yake ya molekuli ni karibu 362. Tangu pale hawakuhitaji tena kondoo. TRH ilitengenezwa katika laboratwari, safi, kwa kiasi kinachotakiwa. Ile ya dawa inaitwa protirelini.

Mwaka 1977 Guillemin na Schally walipewa nusu ya zawadi ya Nobel ya uganga. Nusu ya pili ilipewa mwanamuke, Rosalyn Yalow wa New York. Yeye pamoja na Solomon Berson, aliyekufa mwaka 1972, walivumbua njia ya kupima homoni iliyo kidogo sana ndani ya damu. Tusisahau kazi ya mama huyu. Kuandika barua kwa kapita hakusaidii kitu kama huna sikio la kusikia anavyoita. Guillemin na Schally wote wawili walifariki mwaka 2024.

4. KIPIMO CHA TRH

Sasa wanganga walikuwa na barua ya kutengenezwa, inayofanana kabisa na ya Prefe. Kapita haiwezi kujua kwamba imeandikwa na mutu mwingine. Kwa hiyo wakafanya kipimo hiki.

Wanatoa damu ya mugonjwa kwanza. Kiisha wanaingiza TRH ndani ya mushipa, kwa kawaida mikrogramu 200. Mugonjwa anaweza kusikia kichefuchefu, joto usoni, na hamu ya kukojoa, lakini inapita kwa dakika chache. Kiisha dakika 20 ao 30 wanatoa damu tena, na wengine wanatoa mara ya tatu kwa dakika 60. Kila mara wanapima TSH, ndio sauti ya kapita.

(Fanyeni hesabu: miligramu 1 ni mikrogramu 1,000, basi ingetosha kwa watu 5. Kama wakemia hawangeitengeneza, kila mugonjwa angehitaji kondoo 60,000. Kwa kijiji gani mutawapata?)

Majibu ni ya namna tano:

a) TSH inapanda kwa kiasi, kiisha inashuka. Njia yote ni nzima.

b) TSH ilikuwa juu tangu mwanzo, na kiisha sindano inaruka juu zaidi. Kapita ni muzima na anapiga kelele. Kosa liko chini yake: kwa tezi ao kwa iodini.

c) Homoni za tezi ni kidogo, na TSH haipandi. Kapita mwenyewe ni mugonjwa.

d) Homoni za tezi ni kidogo, TSH inapanda, lakini kwa kuchelewa. Kapita anaweza kuita, ila hakuwa anapokea barua. Mara nyingi kosa liko kwa Prefe.

e) Homoni za tezi ni nyingi kupita kiasi, na TSH haisogei hata kidogo. Rundo limejaa, kapita ameziba masikio. Hata umuletee barua kumi, hawezi kuita.

Tangu miaka ya 1980 vipimo vya TSH vimekuwa vikali sana, hata kwa wagonjwa wengi kutoa damu mara moja kunatosha. Kwa hiyo kipimo cha TRH kinatumiwa leo mara chache, sana sana kwa magonjwa ya hipofizi. Lakini kazi yake haikupotea. Ni kwa njia yake wanganga walijifunza kusoma TSH: ikiwa juu maana yake nini, ikiwa chini maana yake nini. Munganga anayeangalia leo kartasi ya TSH anatumia elimu ile.

5. KWA INCHI YETU KOSA LILIKUWA NGAZI GANI?

Katika jibu la (b) tulisema: "kwa tezi ao kwa iodini." Kwa milima yetu ya Kivu ni ipi?

Iodini nyingi ya dunia iko baharini. Kutoka Beni mpaka bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,000. Mvua imeosha udongo wa milima yetu tangu zamani sana na kubeba iodini kwenda mitoni. Muhogo, maharagi, viazi, ndizi, vyote vinaota vizuri na kushibisha, lakini havina iodini ambayo udongo wenyewe hauna.

Jambo hili lilichunguzwa karibu nasi. Mwaka 1947 iliundwa IRSAC, shirika la utafiti wa elimu, na kituo chake kikubwa kilijengwa Lwiro, upande wa Bukavu. Leo kituo kile kinaitwa CRSN. Katika miaka ya 1960 wanganga waliotumika na kituo hicho walikwenda Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Kati yao walikuwa Delange, Thilly na Ermans. Mwaka 1968 walitangaza jambo la kushangaza. Kisiwa chote kilikuwa na upungufu wa iodini. Lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu.

Mwaka 1971 Delange na Ermans, pamoja na Hershman wa Marekani, walitangaza vipimo vya TSH ya damu ya watu wa Idjwi. Katika sehemu ya rovu, TSH ilikuwa imepanda. Maana yake kapita alikuwa muzima, na Prefe pia. Kichwa cha watu wale hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini kabisa, udongoni. Wale wanaosema "ile jamaa iko na laana" wasome habari hii mara mbili.

6. NA MUHOGO JE?

Lakini kama iodini ilikosekana kisiwani pote, kwa nini rovu ilijaa upande mumoja? Wanganga waliangalia chakula, wakafika kwa muhogo. Ndani ya muhogo muna kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kinatoa sianidi. Mwili unajilinda kwa kuigeuza sianidi kuwa tiosianati. Tiosianati haiui, lakini inasimama kwenye mulango wa tezi na kuizuia iodini kuingia. Iodini ikiwa nyingi, inapita tu. Ikiwa kidogo, inabaki nje. Muhogo wa kaskazini ya Idjwi ulionekana kuwa na nguvu hiyo kuliko ule wa kusini-magharibi. Utafiti uliendelea kule Ubangi, na mwaka 1980 kitabu kizima juu ya muhogo na rovu kilichapwa Ottawa, Kanada. Kati ya walioongoza kitabu kile kuna mwenzetu wa Kongo, Mbulamoko.

Je, tuache bugali na sombe? Hapana! Mama zetu walijua dawa ya jambo hili mbele ya laboratwari kuwako. Kulowesha muhogo siku kadhaa, kuumenya, kuukausha kwa jua, kuusaga: kazi hii inatoa sianidi nyingi. Kutwanga sombe na kuichemsha muda murefu kunafanya vilevile. Hatari inakuja wakati siku zinakatwa. Na hapa sisi wa Beni tunajua maana yake. Jamaa iliyokimbia vita haina siku za kungojea muhogo ndani ya maji. Inakula kile kinachopatikana, upesi, na mara nyingi kwa chumvi kidogo. Kwa hiyo tukiona shida kwa watoto wa wakimbizi, tusiseme wazazi wao ni wajinga. Tuulize kwanza ngazi.

7. MUTOTO TUMBONI

Sasa tunafika kwa neno zito kuliko yote. Rovu ya mutu mukubwa inaweza kumusumbua, lakini anaishi na kufanya kazi. Mutoto ambaye ubongo wake ulijengwa pasipo homoni za kutosha, hasara yake ni nyingine. Anaweza kubaki mufupi, asisikie, asiseme, asitembee vizuri, na akili yake isikue. Ukimupima damu kiisha miaka, utajua sababu, lakini ubongo uliokosa wakati wake haurudi kujengwa. Watoto namna hii walionekana wengi Idjwi na Ubangi.

Kwa hiyo kule Ubangi, katika miaka ya 1970, wanganga walianza kuwadunga wanawake sindano ya mafuta yenye iodini, hata wenye mimba, ili mutoto azaliwe muzima. Sindano moja ililinda muda murefu. Jambo likaonekana wazi: ukileta udongo, wafanyakazi wanapika matofali.

Tena tulipata fundisho kwamba kutoa dawa pasipo kujua ngazi kunaweza kudhuru. Mwaka 1991 ilitangazwa kwamba kule kaskazini ya inchi yetu, watu waliokuwa na upungufu wa iodini na wa seleni pamoja walipewa seleni peke yake. Seleni ni kitu kizuri kwa mwili, lakini kwa wale ambao tezi ilikuwa imechoka tayari, homoni zilishuka zaidi. Ilitakiwa iodini kwanza.

8. CHUMVI

Mutu mukubwa anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mwanamuke mwenye mimba 250. Tupige hesabu: 150 × 365 ni mikrogramu 54,750 kwa mwaka, ndio karibu miligramu 55. Kwa miaka 60 haifiki gramu 4. Kijiko kidogo kimoja kwa maisha yote! Lakini hatuwezi kuila siku moja na kumaliza; mwili unaitaka kidogo kidogo. Njo sababu walichagua chumvi, kwa kuwa kila nyumba, tajiri na maskini, inaitia chumvi ndani ya chungu kila siku.

Tangu miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ilienea sana katika inchi yetu. Hapa Beni nyingi inapitia Kasindi. Lakini njia hiyohiyo inaleta pia chumvi ghafi ya ziwa Katwe, Uganda. Hatuitukani chumvi ya Katwe. Babu zetu waliifuata na kufanya biashara nayo tangu zamani. Tunasema tu kwamba chumvi isiyopita kiwandani haikuongezwa iodini. Inafaa kwa ng'ombe na kwa ngozi. Kwa chungu cha mama mwenye mimba, haitoshi.

Tena tuseme kweli yote, tusifiche upande mumoja. Iodini ikifika kwa mutu aliyekaa miaka mingi pasipo hiyo, hasa muzee mwenye rovu ya mavimbe mavimbe, mara nyingine tezi inaanza kufanya kazi pasipo kumusikiliza kapita. Mwaka 1996 gazeti la wanganga la Uingereza, The Lancet, lilitangaza wagonjwa wa namna hii hapa hapa Kivu. Moyo ulikwenda mbio, walikonda. Hao ndio watu wa jibu la (e): TSH haisogei. Mwaka 1999 utafiti wa inchi saba za Afrika ulionyesha kwamba chumvi ikitiwa iodini kupita kipimo, hatari inaongezeka. Je, tuikatae chumvi? Hapana. Faida yake kwa watoto ni kubwa kupita hatari hiyo. Lakini viwanda vifuate kipimo, na muzee wa nyumbani aliye na rovu, tukiona anatetemeka na kukonda, tumupeleke kwa munganga upesi. Tusimufiche.

9. TUFANYE NINI

Kwanza, nyumbani tuangalie mufuko wa chumvi kama umeandikwa kwamba una iodini. Tuiweke ndani ya chombo chenye kufunikwa, pakavu, mbali na moto, na tuitie chunguni karibu na mwisho wa kupika.

Pili, katika laboratwari, mbele ya mwalimu wa kemia, tunaweza kuijaribu chumvi. Tuweke kidogo ndani ya sahani, tudondoshe maji ya wanga yaliyochemshwa (wanga wa muhogo unafaa), iodidi ya potasi, na asidi kidogo. Ikiwa iodati iko ndani, rangi ya buluu inatokea. Seksio zote ziletewe kuona.

Tatu, tuache kucheka. Mwenzetu anayelala kilasini, tumuulize kama anasikia baridi, kama shingo yake imebadilika, kama amekula. Hatusemi kwamba kila mwenye kulala ana ugonjwa. Wengine walicheza mpira mpaka usiku. Lakini kuuliza ni bure, na neno "kichwa nguvu" halijamuponya mutu hata mumoja.

Ine, wenzetu watakaokuwa wanganga, walimu na wakubwa wa kazi waichukue njia ya TRH kwa maisha yote. Kazi ikikwama, hapana kumupiga wa chini mara moja. Shuka ngazi moja moja: barua iliandikwa? Kapita aliita? Wafanyakazi ni wazima? Na mwisho, je, tuliwapa udongo?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja ngazi nne, kuanzia hipotalamu mpaka iodini, na kazi ya kila moja.
2. Kwa nini mipango sita ya kwanza ya asidi amino tatu haikufanya kazi?
3. Mugonjwa ana TSH ya juu, na kiisha TRH inaruka zaidi. Kosa liko wapi? Na kama haipandi kabisa, ni mambo gani mawili yanayowezekana?
4. Idjwi yote ilikuwa na iodini kidogo. Eleza kwa nini rovu ilikuwa nyingi kaskazini.
5. Kwenu nyumbani munatumia chumvi gani? Ilitoka wapi, na nani anaichagua sokoni?

Wenye majibu waandike kwa kartasi na kuwaletea wakapita kabla ya mwisho wa juma. Swali la tano haliwezi kujibiwa hapa masomoni, linajibiwa jikoni. Muende kuangalia.